Rear Window bado inatisha

Mhariri, nimeiangalia Rear Window ya Alfred Hitchcock, ile ya 1954, na bado moyo unanidunda. Jamaa mpiga picha kavunjika mguu, kakaa kwenye kiti cha magurudumu anachungulia majirani, na kamera karibu muda wote haitoki chumbani kwake, kwa hiyo na sisi tunajua kile tu anachokiona yeye. Sasa pale Lisa, mpenzi wa jamaa (Grace Kelly, mrembo kwelikweli), anapoingia kwa Thorwald, jirani wanayemshuku kamuua mkewe, halafu mwenyewe anarudi, jamaa anaona kila kitu na hana la kufanya, aisee nilisimama! Mara Thorwald anageuka anatutazama usoni. Hamna damu, hamna mabomu. Wanaotengeneza filamu za kutisha siku hizi wapunguze makelele jamani, waiangalie hii.

Mpenzi wa filamu