Barua kwa Rukia: Siku Yetu ya Harambe

Clarkston, Georgia
Jumapili, 12 Oktoba

Shoga yangu Rukia,

Salaam aleikum. Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila magoti ya mama yameanza kuumwa na baridi hii ya asubuhi. Ujumbe wako wa safari nimeusoma mara tatu, na nimefurahi mno kwamba mtakuja. Lakini ule mpango wako wa bustani nne za burudani za Disney huko Orlando, Florida, kwa siku nne, tena wiki ya Krismasi, naomba tuuweke chini kwanza unisikilize.

Krismasi hadi Mwaka Mpya, Orlando hakukanyagiki. Shule zimefungwa nchi nzima, na tiketi zenyewe bei yake hupanda kulingana na siku, kwa hivyo utalipa zaidi ili usimame zaidi. Magic Kingdom unayoitaka ndiyo bustani ya burudani inayopokea watu wengi kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 17 kwa mwaka. Tena ukishaegesha gari bado hujafika: sharti upande feri au treni ya juu uvuke lile ziwa ndipo uone lango. Kwa mimi na wewe si neno. Kwa mama mwenye magoti yale, siku imekwisha kabla haijaanza.

Nakuomba twende Jumanne ya mwisho ya Januari. Sikukuu ya Martin Luther King itakuwa imepita, na likizo za Februari hazijafika. Watoto watakosa shule siku mbili. Nimeshaongea na mwalimu wa Faki, amekubali. Wewe waulize walimu wa Nasra na Twalib mapema.

Na twende bustani moja tu, Animal Kingdom.

Unajua mama hajaiona Amu, Lamu yetu, tangu 2016. Daktari amemkataza ndege ya masafa marefu kwa sababu ya damu kuganda miguuni, na nikimtazama anavyokaa dirishani jioni najua yuko wapi kwa fikira. Basi mwezi uliopita, nikisoma habari za bustani zile, nikakuta kwamba ndani ya Animal Kingdom upo mji mzima walioujenga na kuuita Harambe, kwa "e" moja. Walioubuni walisafiri Afrika Mashariki kutazama na kuchora, na mji waliouiga zaidi ya yote ni Amu. Rukia, Amu! Kuta za chokaa iliyobanduka, ngome, njia nyembamba. Mapaa yake yameezekwa na mafundi Wazulu walioletwa kutoka Afrika Kusini, kwa hivyo ni nyasi, si makuti, na mama ataliona hilo kabla sisi hatujainua macho. Mwaka wa uhuru wa mji huo wameuandika 1961, ule ule wa Tanganyika.

Lililonitoa machozi ni vibao. Kipo kibanda cha bisi kimeandikwa Mahindi. Mahali pa vitu vya baridi pameandikwa Tamu Tamu. Duka la mikate na kahawa linaitwa Kusafiri. Ipo na Dawa, lakini hiyo ni baa ya pombe, tumwambie mapema asije akaenda kuulizia ya magoti. Mama hasomi Kiingereza. Miaka yote hii, kila tukitoka mimi ndiye macho yake: hospitali, dukani, hata mlango wa choo nimsomee mimi. Siku hiyo atasoma mwenyewe, na Faki, anayesoma Kiingereza kama maji na Kiswahili kwa kusuasua, ndiye atakayemuuliza bibi yake, "Hapa wameandika nini?" Kwa ajili ya swali hilo tu niko tayari kuendesha gari kilomita 700.

Sijafumba macho. Najua mji wenyewe umejengwa ili watu wanunue vitu, na wahudumu watamwambia mama "Jambo!" kama anavyoambiwa mtalii pale Forodhani. Huenda akacheka, huenda akanyamaza. Nimelifikiria sana hilo na nimeona bora aone aseme mwenyewe kuliko mimi kumwamulia nyumbani.

Sasa siku yenyewe. Tutalala Kissimmee, nyumba ya kukodi yenye jiko, familia zote mbili pamoja. Ni nafuu kuliko hoteli zao na tutapika wenyewe. Hasara yake ni kwamba wanaolala hoteli za Disney huingia nusu saa kabla ya wengine. Animal Kingdom mara nyingi hufungua saa mbili asubuhi, kwa hivyo saa moja na robo nataka tuwe tumeegesha. Asubuhi wengi hukimbilia Pandora, ile sehemu ya filamu ya Avatar, kwenye mtambo wa Flight of Passage ambao foleni yake siku za msongamano hupita saa mbili nzima. Sisi tutawaacha waende, tushike njia ya Harambe, tupande Kilimanjaro Safaris kabla jua halijawa kali na wanyama hawajajilaza. Ni lori la wazi, mwendo wa dakika kama ishirini, kwenye mbuga ya ekari 110 iliyopandwa ifanane na kwetu: twiga, tembo, viboko, vifaru, simba. Uzio hauonekani, wameuficha kwa mahandaki na vichaka. Hakuna kipimo cha urefu, hata Shani wangu wa miaka miwili atapanda mapajani, naye tiketi hana kwa sababu wa chini ya miaka mitatu huingia bure. Na yapo malori yanayopakia kiti cha magurudumu bila mama kushuka.

Kiti tutakikodi pale pale langoni. Mama amekataa, anasema yeye si mgonjwa. Naomba ulizungumze naye wewe, maneno yako huyasikiliza kuliko yangu. Mwambie kiti ni cha kubebea mikoba, na akichoka akikalie.

Jambo la vimo ulichukue kwa uzito. Flight of Passage na lile gari la reli la Expedition Everest yote mawili yanataka mtoto awe na sentimita 112. Faki nimempima jana kwenye mwimo wa mlango: 109. Nimemwambia leo, nyumbani, akalia leo. Sikutaka aambiwe na mgeni mwenye kijiti baada ya kupanga foleni. Nawe wapime wako ukiwa huko Columbus unitumie vipimo. Kwa walio na watoto wadogo upo utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda na wakubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Mwombe tu mhudumu mlangoni. Basi wewe panda kwanza na Nasra na Twalib, mimi nibaki na wadogo.

Ukitaka kununua ile njia ya mkato wanayoiita Lightning Lane, sisi tusiolala kwao tunaruhusiwa kuiagiza siku tatu kabla, kuanzia saa moja asubuhi, kwenye programu yao ya simu. Mimi naona Jumanne ya Januari hatutaihitaji, labda kwa Flight of Passage peke yake kama Twalib ameshikilia. Hiyo hulipiwa peke yake. Ila programu iweke kwenye simu sasa hivi, kwa sababu tiketi, ramani na saa za foleni vyote vimo humo. Langoni utaambiwa uweke kidole kwenye mashine. Usishtuke, ni kuthibitisha tiketi ni yako.

Chakula kinaruhusiwa kuingia, ilmradi usibebe chupa za kioo. Nitakaanga sambusa usiku wa kuamkia, wewe shika mahamri na mayai ya kuchemsha. Maji ya baridi unaomba kwenye vibanda vya chakula, wanakupa bure. Na sweta, Rukia! Florida ya Januari mchana ni joto, lakini alfajiri mama atatetemeka.

Nikueleze na hili ambalo sikukwambia wakati ule. Mwaka juzi tulikwenda bustani moja ya michezo huku kwetu, bila mpango wowote, na Faki akanipotea dakika ishirini. Alikuwa na miaka minne. Hakujua nambari yangu ya simu, na jina langu alilolijua ni "Mama". Nilimkuta amekaa chini ya meza ya mwuza aiskrimu, ametulia, mimi ndiye niliyekuwa nimeishiwa nguvu. Tangu siku hiyo sitoki bila kumwandikia nambari mkononi kwa kalamu isiyofutika. Kwa safari hii nimetoa doti moja ya leso, ile nyekundu yenye korosho nyeupe, nitaikata vitambaa vya shingoni, kila mtoto kimoja, wako na wangu. Katika umati ule, nyekundu hiyo tutaiona kwa mbali. Na tukipoteana, sote tukutane penye kibanda cha Mahindi. Neno hilo hata Faki analisoma.

Saa saba mchana tutoke. Najua utasema ni mapema, lakini mama atahitaji kunyoosha miguu, sisi tutaswali, Shani atalala. Saa kumi twende Kidani Village, hoteli yao iliyo kando ya Animal Kingdom, tule kwenye mkahawa wa Sanaa. Madirisha yake yanatazama uwanda wanamolisha twiga, na wana sinia la mikate ya naani na chatne za kila namna, kwa hivyo hatutahangaika na nyama. Nafasi huagizwa siku 60 kabla, maana yake mwisho wa Novemba, nami nimeshaweka kengele kwenye simu. Si rahisi bei yake. Pesa tulizookoa kwa kutokwenda bustani tatu zilizobaki zitalipa.

Jana usiku nilimwonyesha mama picha za Harambe. Akazitazama polepole, akaivuta ile ya ukuta kwa vidole viwili ikawa kubwa. Kisha akaniuliza, "Na punda je, wapo?" Nikamwambia punda milia wapo. Akasema, "Hao hawabebi mchanga," akacheka mpaka akakohoa, na leo asubuhi nimemkuta anapiga pasi buibui lake la safari, na Januari bado miezi mitatu.

Nijibu kabla ya Jumapili ijayo nilipie nyumba. Nasra na Twalib wasalimie, na baba yao.

Wako,
Mwanaamina