Malalamiko Kuhusu Seva ya Baruapepe Isiyofunguka Salama Nje ya Ofisi

Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Eneo la Viwanda,
Nairobi.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

KUH: SEVA YA BARUAPEPE MLIYOTUWEKEA

Naandika kwa niaba ya ofisi yetu, baada ya kupiga simu kwenye kituo chenu mara nyingi na kila mara kupewa nambari mpya ya tiketi badala ya jibu.

Sisi ni mawakala wa forodha. Hapa Eneo la Viwanda tuko wachache tu. Kazi yenyewe iko bandarini Mombasa, kwenye bohari ya makontena Embakasi, na mipakani Namanga na Malaba. Karani aliye kwenye foleni Malaba, lori la mteja likimngoja, hana haja na kompyuta ya Nairobi. Anataka afungue kisanduku kwenye simu yake, aone hati ya shehena ile ile anayoiona mwenzake wa ofisini, ajibu, aendelee na kazi. Ndiyo sababu tuliiacha seva yetu ya zamani iliyokuwa kabatini tukahamia kwenu. Mkataba wenu unaahidi kwamba visanduku vitafunguka popote mtumiaji alipo.

Fundi wenu alipokuja aliziweka laptopu zote kwenye POP3, njia ya kuteremsha barua kutoka kwenye seva. Kwa mpangilio aliouacha, barua ikishateremka kwenye mashine moja, inafutwa kwenye seva. Anwani yetu ya forodha inatumiwa na makarani kadhaa, kwa hiyo mashine iliyowahi ndiyo iliyopata. Wakala wa meli alituma oda ya kutolea kontena la vipuri, ikavutwa na kompyuta ya hapa ofisini iliyoachwa imewashwa bila mtu. Karani wa Mombasa akabaki anatazama kisanduku kitupu huku siku za bure za bandari zikiyoyoma. Gharama ya kuhifadhi kontena tumeilipa sisi, maana huwezi kumweleza mteja habari za POP3 akakuelewa. Risiti nimeiambatisha.

Watu wa kazi kama yetu huwekewa IMAP, njia nyingine ya kusomea barua. Wala si jambo geni: Mark Crispin aliianzisha Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, na shabaha yake ni barua kubaki kwenye seva ili mwenyewe azifikie kwa mashine yoyote. Iliyosomwa Mombasa, Nairobi inaonekana imeshasomwa. Tulipolalamika mlikubali kuiwasha, na hapo likazuka jambo ambalo hasa ndilo lililonikalisha niandike.

Mliiwasha kwenye porti (mlango wa mawasiliano wa seva) 143, bila kusimba mawasiliano, yaani bila kuyageuza fumbo asiloweza kulisoma mwingine. Baadaye mkafungua 993, ambayo husimba tangu muunganisho unapoanza, lakini cheti mlichoweka, yaani hati ya kidijitali ya kuthibitisha jina la seva, hakina jina la seva tulilopewa kuandika kwenye simu. Kina jina jingine, la seva yenu ya ndani. Simu za makarani zikakataa, na zilifanya sawasawa. Zimetumwa kwa seva ya jina fulani, zimekuta cheti cha jina jingine. Hazina njia ya kujua kama fundi amekosea au kuna mtu amejipenyeza katikati. Ushauri wa kituo chenu? Bonyeza kubali, puuza onyo. Karani wa Namanga, ambaye simu yake haikumpa nafasi ya kukubali, aliambiwa azime usalama kabisa arudi 143. Fundi amekosea ufunguo, halafu mwenye nyumba anaambiwa ang'oe kitasa!

Hebu fikirieni karani huyo anafungulia wapi barua zake. Ni kwenye wifi ya hoteli ya mpakani, inayotumiwa na kila mpita njia. Kwenye 143 isiyosimbwa, jina lake na neno la siri vinapita wazi, na anayenasa mawasiliano ya mtandao huo anaweza kuvisoma. Ndani ya kisanduku mna ankara za wateja, PIN zao za kodi za KRA, nakala za vitambulisho. Katika biashara yetu mwizi wa siku hizi hana shida ya kuvunja bohari. Akishasoma ankara moja, anamwandikia mteja kwa anwani yetu halisi kwamba akaunti ya benki imebadilika, na pesa zinakwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tukigundua uvujaji wa namna hiyo. Nitamwambia nini, kwamba kituo cha huduma ndicho kilichotuagiza tuzime usalama?

Na kinachoudhi ni kwamba cheti hakina gharama. Shirika la Let's Encrypt hutoa bure. Vyeti vyake vya kawaida hudumu siku 90 na kuna programu ya kuvihuisha bila mtu kugusa. Inabidi tu cheti kiwe na jina lile lile linaloandikwa kwenye simu, na Dovecot, programu ya seva yenu inayofungua visanduku, iambiwe isome cheti kipya kila kinapobadilika, la sivyo itaendelea kuonyesha kilichokwisha muda. Haya nimefundishwa na kijana wetu wa kompyuta, aliyeikagua seva yenu kutoka nje na kuona jina lililoandikwa kwenye cheti. Mimi ni mtu wa forodha. Sikupaswa kuyajua.

Kuna na hili la makarani kufukuzana. Wakiifungua anwani ya forodha kwa pamoja hapa ofisini, anayechelewa anakataliwa, nanyi mkajibu kwamba intaneti yetu ni mbovu. Intaneti haina neno. Dovecot isipobadilishwa huruhusu miunganisho 10 ya IMAP kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja ya IP, yaani namba inayotutambulisha mtandaoni. Ofisi yetu yote inaonekana nje kwa IP moja, na simu moja inaweza kufungua miunganisho kadhaa peke yake. Kumbukumbu za seva huitaja sababu hiyo waziwazi, pamoja na jina la mpangilio wa kurekebisha, mail_max_userip_connections. Ni mstari mmoja tu. Hakuna aliyejisumbua kusoma.

Basi tunataka IMAP ibaki kwenye 993 yenye cheti cha jina sahihi, na 143 ikatae neno la siri lisilosimbwa. Kutuma barua kuwe kupitia porti 587 au 465, mtumiaji akijitambulisha. Fundi wenu aliweka 25, ambayo mitandao mingi huizuia, ndiyo maana makarani walio safarini wanapokea lakini hawatumi. Kikomo cha miunganisho kiongezwe. Barua zilizofutwa na POP3 zirejeshwe kutoka kwenye nakala rudufu mnazosema mnazo, na gharama ya kontena tufidiwe.

Zaidi ya yote, tupeni kumbukumbu za walioingia kwenye visanduku vyetu muda wote ambao 143 ilikuwa wazi, zikiwa na anwani za IP na saa. Tutazilinganisha wenyewe na ratiba za makarani. Maneno ya siri tutayabadilisha yote mara tu 993 itakapokaa sawa. Kuyabadilisha sasa ni kuyatangaza upya.

Ankara yenu ya robo hii iko mezani kwangu. Itakwenda kwa mhasibu siku karani wa Malaba atakapofungua kisanduku kwenye simu yake pasipo onyo lolote, na kumbukumbu nilizoomba zikiwa zimenifikia. Wakili wetu amepewa nakala ya barua hii.

Wako,

Meneja wa Shughuli