Barua kwa shoga yangu kuhusu dawa ya kulainisha damu

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwako shoga yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba uvimbe wa mguu umepungua na umesharuhusiwa kurudi nyumbani Malindi. Lakini pale uliponieleza kuwa umeacha kabisa kula mchicha, na kuwa mkweo anataka kukuletea mtu wa hijama aitoe ile damu iliyoganda, niliona nisingoje hadi tuonane.

Nianze na hijama, kwa kuwa ndiyo ya haraka. Usikubali. Anayemeza warfarini, hii dawa yetu ya kulainisha damu, akichanjwa, damu huchelewa kukatika, na donge lililo ndani kabisa ya mshipa wa mguu halifikiwi na chale za ngozi. Vivyo hivyo, muuguzi asikuchome sindano ya tako, wala daktari wa meno asikung'oe jino, kabla hujamwambia unatumia dawa gani.

Ama mchicha, nilikosea kama wewe mwaka wangu wa kwanza wa kuimeza warfarini. Sote tunaiita dawa ya kulainisha damu, ingawa kwa hakika damu haiwi nyepesi hata kidogo; dawa hulizuia ini kutumia vitamini K kutengenezea viini vinavyoigandisha damu. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki zina vitamini hiyo kwa wingi, kwa hiyo ukizila kwa pupa dawa hupungua nguvu, na ukiziacha ghafla huzidi. Daktari alikupangia tembe ukiwa mla mchicha. Ukiuacha, umebadilisha dawa bila yeye kujua. Kula kiasi kile kile ulichozoea kila wiki. Mimi mchicha wa nazi huupika Jumanne na Ijumaa, na wajukuu wamekwisha kuchoka kulalamika.

Umeuliza kwa nini mimi nameza tembe nyingi kuliko wewe. Kila mwili una kiasi chake, tena kinachotazamwa si idadi ya tembe bali kile kipimo cha damu wanachokiita INR. Asiyetumia dawa hii huwa na karibu 1. Wewe kwa damu iliyoganda mguuni kwa kawaida hutakiwa uwe kati ya 2 na 3, na mimi, kwa hii vali ya chuma ya moyoni, nimewekewa kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka chini, damu huweza kuganda. Ikipanda sana, hutoka pasipotarajiwa. Usikose siku ya kupimwa hata ukijiona mzima, kwa sababu kipimo hupanda kimya kimya.

Hilo la kupanda kimya kimya nalijua kwa yaliyonipata. Mwaka juzi niliharisha, nikaenda duka moja la dawa nikapewa metronidazo, nami sikusema kwamba natumia warfarini, wala aliyeniuzia hakuuliza. Siku ya tano nilipiga mswaki alfajiri, nikatema kwenye sinki mate mekundu kama ya mtoto aliyekula mabuyu. Nikasukutua, yakaja mekundu vile vile. Mchana nikaona bonge la vilio la damu pajani na sikumbuki kujigonga popote. Nilipopimwa, INR ilikuwa imepita 6. Niliambiwa nisimeze warfarini kwa siku mbili, kisha nirudi kupimwa, na nilirudi nikiwa na hofu kuliko siku ya upasuaji wenyewe.

Tangu hapo siongezi tembe yoyote bila kuuliza. Metronidazo na Septrin huipandisha INR, na hata dawa ya fangasi iitwayo flukonazo. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha mno. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu wetu huzimeza kwa kila goti linalouma, huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Kwa maumivu madogo mimi nimeruhusiwa parasetamoli, nayo si kila siku. Kitunguu saumu cha pilau hakina neno. Vidonge vyake vya dukani ndivyo vya kuuliziwa kwanza.

Kuhusu Ramadhani, muulize daktari wako kama mwili wako unaweza kufunga. Dawa yenyewe ni mara moja kwa siku, na mimi huimeza usiku baada ya Isha, kisha naweka alama kwenye kalenda. Usiku unafaa pia kwa sababu majibu ya kipimo yakija mchana, kiasi hubadilishwa usiku ule ule. Ukisahau na siku haijaisha, meza. Ukikumbuka kesho yake, achana na ile ya jana, usimeze mbili kwa pamoja.

Ukiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au damu ya pua isiyokatika kwa dakika kumi huku umeibana, nenda hospitali. Ukianguka ukagonga kichwa, nenda hata kama hakuna jeraha.

Ukija Mombasa, njoo na kile kijitabu chako cha vipimo tukikague pamoja kabla ya kwenda kliniki. Nisalimie mkweo, na umwambie kuwa katazo la hijama limetoka kwangu.

Ni mimi shoga yako,
Zuhura