Anayeshuka kutoka cc 1000 asikimbilie R6

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye wiki chache zilizopita aliuliza ni pikipiki gani ya mbio ya daraja la kati inayofaa kuchukua nafasi ya pikipiki yake ya cc 1000, ambayo anasema imemchosha kwa joto, kwa bei ya matairi na kwa kukamatwa na tochi za trafiki za kupima mwendo kila anapotoka nje ya Dar es Salaam. Waliomjibu kabla yangu, karibu wote, wamemshauri anunue Yamaha R6 au nyingine ya cc 600 yenye silinda nne, kwa hoja kwamba 600 ni ndogo kuliko 1000, hivyo ni nyepesi na ni rahisi kuimudu. Ushauri huo umetolewa kwa nia njema, lakini sioni kama unaondoa hata moja kati ya kero tatu alizozitaja.

Nianze na uzito, kwa kuwa ndio uliotajwa na wengi. Yamaha R1 ya cc 1000, ikiwa imejazwa mafuta na oili, ina kilo 200 hivi, na R6 ina kilo 190. Tofauti hiyo ni nusu ndoo ya maji, na mwendeshaji mzima hataihisi akiwa barabarani. Honda CBR650R, ambayo nayo ni ya daraja la kati, inazidi kilo 200, na Suzuki GSX-8R ina 205. Kama msomaji huyu angekuwa anaachana na Suzuki Hayabusa, yenye zaidi ya kilo 260, hoja ya uzito ingekuwa na maana kubwa. Kwa mtu anayetoka kwenye cc 1000 ya kisasa haina.

Jambo la kuangalia ni mahali nguvu ya injini inapopatikana. R6 ya matoleo ya mwisho ina nguvu za farasi zipatazo 117, lakini huzitoa ikiwa inazunguka mara 14,500 kwa dakika, na ile nguvu ya kuzungusha gurudumu, ambayo hupimwa kwa nyutoni-mita, hufikia kilele chake cha 61.7 katika mizunguko 10,500. Yamaha R7, yenye silinda mbili na cc 689, ina farasi 73 tu, na kwenye karatasi inaonekana imeachwa mbali. Ila nyutoni-mita zake ni 67, na zote unazipata katika mizunguko 6,500. Kwa hiyo katika mwendo ambao sisi huendesha kila siku, yenye farasi wachache ndiyo yenye nguvu zaidi. Mtu aliyezoea cc 1000 hana desturi ya kushusha gia: akivuta mafuta kidogo tu, hata akiwa gia ya tano, pikipiki inaondoka. Akipanda R6 na tabia hiyohiyo, atavuta mafuta katika mizunguko elfu nne na kukuta hakuna kitu, ataongeza na bado hakuna kitu cha maana, kisha mshale ukikaribia elfu kumi nguvu itamjia yote kwa pamoja, pengine akiwa katikati ya kona.

Barabara ya Morogoro inalionyesha jambo hili vizuri, hasa ukishapita Chalinze, ambako malori ya kwenda Zambia na Kongo hujipanga moja nyuma ya jingine. Uko nyuma ya lori katika kilomita 60 kwa saa, gia ya nne, unachungulia, na njia ikifunguka una sekunde chache za kupita kabla basi la upande wa pili halijafika. Mwenye silinda mbili anavuta mafuta na kupita. Mwenye R6 inambidi ashushe gia mbili kwanza, apandishe resi mpaka injini ianze kupiga kelele, ndipo apite. Na akishapita anakuta kibao cha 50 cha kijiji kinachofuata, na askari mwenye tochi chini ya mwembe. Pikipiki ya cc 1000 hupita kilomita 140 kwa saa ikiwa bado gia ya kwanza, na R6 nayo huvuka 100 katika gia hiyohiyo. Kwa anayelalamikia faini, hapo hajakimbia kitu. Joto pia halitamwacha, kwa sababu injini ile ya silinda nne imebanwa ndani ya maganda ya plastiki, na katika foleni ya Kimara saa kumi na moja jioni feni ya rejeta itampulizia mapajani kama alivyozoea.

Sisemi kwamba R6 ni pikipiki mbaya. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashindano ya daraja la cc 600 na ilishinda sana. Hata mwaka 2022, mashindano ya dunia ya daraja hilo, yaitwayo Supersport, yalipofunguliwa kwa injini kubwa zaidi, mwendeshaji Dominique Aegerter alitwaa ubingwa akiwa juu ya R6. Lakini Yamaha iliacha kuiuza Ulaya kwa matumizi ya barabarani mwaka 2020, kanuni mpya za moshi zilipokuwa zinakaribia, na viwanda vikageukia silinda mbili: Aprilia walileta RS660 mwaka huohuo, Yamaha wakaleta R7 mwaka 2021, Suzuki wakafuata na GSX-8R. Kawasaki walikuwa na Ninja 650 tangu zamani. Hivyo R6 nyingi atakazoonyeshwa hapa nchini ni mtumba, na kwa pikipiki ya aina ile mtumba maana yake mara nyingi ni kwamba kuna mtu alishaifikisha kwenye mwisho wa mshale mara nyingi kabla yake. Fundi naye ana kazi: injini ya silinda nne ina plagi nne na valvu 16, na ili kuzifikia plagi za R6 ni lazima kwanza aondoe tangi na boksi la hewa. Ya silinda mbili ina plagi mbili na valvu nane.

Hata hivyo nisingemwambia achukue R7 bila kufikiri. Usukani wake uko chini, kiti kiko juu, na uzito wote wa kifua unaishia kwenye viganja. Kwenye lami laini hilo halisumbui, lakini barabara zetu zina matuta, na kabla ya matuta zina rasta, na kila rasta inapita moja kwa moja kwenye vifundo vya mikono. Tangi lake nalo ni la lita 13, ingawa hilo si tatizo kubwa kwa kuwa vituo vya mafuta viko vingi mpaka Iringa. Kwa mtu anayesafiri, tena anayembeba mwenza wake mara kwa mara kama msomaji huyu alivyoandika, chaguo langu ni Ninja 650: ina farasi 68, tangi la lita 15, kiti cha milimita 790 kinachomwezesha hata mtu mfupi kukanyaga chini kwa miguu yote miwili, na usukani ulioinuliwa. Ina kasoro moja ambayo siipendi, nayo ni ekzosi iliyolazwa chini ya injini, kwa hiyo matuta yale marefu yaliyojengwa na wanakijiji wenyewe ayapande taratibu na kwa mshazari. Akiona hawezi kuishi bila sauti ya silinda nne, basi CBR650R ina farasi 95 na injini iliyopunguzwa ukali kwa ajili ya barabara, ila atarudi kwenye ule uzito.

Kuhusu matairi, Ninja 650 hutumia tairi la nyuma la 160/60 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita), wakati R6 na R7 hutumia 180/55 na nyingi za cc 1000 hutumia 190/55, na kadiri upana unavyopungua bei nayo hushuka. Lakini kabla ya kupigia hesabu bei ya tairi jipya, ainame alitazame lile lililopo kwenye pikipiki anayouziwa. Ubavuni, karibu na ringi, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Nimewahi kuonyeshwa pikipiki iliyosifiwa kuwa matairi yake ni mapya, na kweli meno yalikuwa marefu, lakini nilipopitisha kidole gumba katikati ya meno nikaona mipasuko myembamba kama ya udongo uliokauka, na tarakimu zikasema lililobaki. Ahakikishe pia kwamba ina breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu kujifunga, kwa maana mchanga wa pembezoni mwa lami hauna huruma. Pikipiki kubwa zilizouzwa mpya Ulaya kuanzia mwaka 2017 zinazo kwa lazima. Za zamani zaidi ni za kuuliza na kukagua.

Lipo na suala la atakayeinunua ile ya cc 1000, ambalo sijaona mtu akiligusa. Leseni yetu ya daraja A inamruhusu mtu kuendesha pikipiki yoyote inayozidi cc 125, na maana yake ni kwamba kijana aliyetoka kwenye bodaboda ya cc 150 anaweza kununua mashine yenye farasi karibu 200 na kuondoka nayo kihalali jioni ileile. Ulaya kijana wa miaka 18 huishia kwenye kilowati 35, yaani farasi 47 hivi. Kwa kuwa sheria haimzuii mnunuzi, muuzaji amuulize alikuwa akiendesha nini kabla, na asikabidhi ufunguo mpaka umiliki umehamishwa, maana faini za tochi hufuata namba ya pikipiki na jina lililo kwenye kadi.

Mwisho, anapokwenda kuijaribu atakayoichagua, aombe kuikuta injini ikiwa ya baridi, kwa maana iliyopashwa moto huficha ugumu wa kuwaka, aiwashe mwenyewe, kisha aiendeshe katika kilomita 60 kwa saa kwenye gia ya nne na kuvuta mafuta bila kushusha gia. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hajafika, amwambie atarudi kesho asubuhi.

Wako,
Mwendesha pikipiki,
Morogoro