Risala ya wanawake wauza dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa mgeni rasmi, siku ya kuvunja mzunguko na kugawana akiba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu ya Ilemela,
Mheshimiwa Diwani,
Afisa Maendeleo ya Jamii,
Viongozi wa soko na wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo,
Kina mama, kina baba na wageni wote, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali kuja huku huku mwaloni, kwenye harufu ya dagaa na kelele za wapakiaji. Umetukuta kipindi cha mbalamwezi, na tarehe hii tuliichagua makusudi. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala, na ndipo sisi tunapopata siku chache za kukaa chini na kuhesabu. Giza likiingia tena, usingetupata hata kwa kutuita na ngoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tulianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, na tumesajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Tunanunua hisa, tunachangia mfuko wa jamii, tuna sanduku la kufuli tatu na funguo zake wanazishika wanachama watatu wasiokaa nyumba moja. Hayo unayaona kila unakokwenda, hatutakuchosha nayo. Mahesabu ya mzunguko mhazini atayasoma baada yangu. Risala hii inataka kusema jambo jingine, ambalo lilituchukua muda mrefu kulielewa.

Kwa miaka tuliamini kuwa kinachotukwamisha ni mtaji. Kila semina ilituambia hivyo, nasi tukaitikia. Mpaka siku moja mwenzetu alipotoka Ukerewe na mzigo wake wa dagaa wa chanja, yaani walioanikwa juu ya chanja, wakavu, weupe, wasio na hata punje ya mchanga. Alishuka alfajiri. Hakumjua mnunuzi hata mmoja. Dalali wa kwanza aliyemsogelea akamtajia bei ya dagaa wa kuanikwa mchangani. Mama yule alikuwa ameacha watoto kwa jirani na nauli ya kurudi hana, basi akauza. Saa hiyo hiyo, hatua chache kutoka pale, mnunuzi aliyetoka Burundi alikuwa anazunguka akiuliza dagaa wa chanja na kuambiwa hakuna. Watu wawili wanaotafutana, katika soko moja, asubuhi moja, na wakapishana. Tulipoelezwa jioni, wapo kati yetu waliolia. Mzigo ulikuwepo na fedha ya kuununua ilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kusema, "Mama, njoo huku, yuko anayekutafuta."

Hapo tukaanza kujiuliza: wenzetu wanaume wanajuana wapi?

Kila mtu hapa mwaloni anajua maana ya mali kauli. Tajiri anakupa mzigo kwa neno lako tu, unakwenda kuuza, unarudi na fedha yake. Biashara kubwa ya dagaa unayoiona hapa, magari yanayopakia kwenda Rwanda, Zambia na Kongo, sehemu kubwa yake inasimama juu ya mali kauli. Na mali kauli haitolewi kwa mtu asiyejulikana. Wanaume wanajuana jioni, kazi zikiisha, kwenye nyama choma, kwenye bao, kwenye kutazama mpira. Hawafanyi vikao vya biashara pale, wanakaa tu, lakini kesho yake anayehitaji mzigo anampigia simu aliyekaa naye jana. Sisi jioni ile tuko jikoni, tunaogesha watoto, au tunageuza dagaa kwa sababu wingu limetanda. Na mwanamke akienda kukaa pale, anarudi na jina baya kabla hajarudi na mteja. Hatuwalaumu kina baba kwa kukaa pamoja. Tunasema tu kwamba mlango wa mali kauli uko mahali ambapo sisi hatufiki, na mkopo peke yake hauufungui. Mkopo waweza kupewa na mtu asiyekujua kabisa, ukijaza fomu vizuri. Mali kauli hapana.

Kujuana si jambo geni kwa wanawake wa nchi hii. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa ngoma na wale walikuwa wenzake. Kila kiongozi akaja na watu wake. Mtandao ulikuwepo tayari, yeye alijua pa kugonga hodi. Na sisi tunao: vikundi vya misiba, vya harusi, kwaya, madrasa, na hili sanduku letu. Tulikuwa tunavitumia kuzikana na kuozeshana. Hatukuwa tumevitumia kuuziana.

Kwa hiyo tuliweka daftari.

Ni daftari la kawaida, la kurasa nyingi, linakaa ndani ya sanduku pamoja na fedha, maana tumeona lina thamani ile ile. Kila mteja ana ukurasa wake: anatoka wapi, anataka dagaa wa aina gani, anapakia siku zipi, analipa vipi, nani alimleta, na mambo yake ya nyumbani tuliyoyajua. Mtoto wake akifunga ndoa tunatuma salamu. Akifiwa tunapiga simu, na kama yuko karibu tunakwenda. Kuna walioona haya ni mambo ya kike yasiyo na faida. Lakini mteja wetu mmoja wa Lubumbashi, naye ni mama, alipofiwa na mumewe alipigiwa simu na wanawake wa hapa kila siku kwa wiki nzima. Aliporudi kazini hakusafiri tena kuja Mwanza. Anatuma ujumbe wa sauti kwa Kiswahili chao cha kule, anataja idadi ya magunia, anatuma nusu ya fedha, na sisi tunachagua mzigo, tunafunga, tunapakia. Gari linapita Tunduma, linaingia Zambia, linatokea Kasumbalesa. Ananunua mzigo asiouona kwa macho, akiwa nchi nyingine. Sasa yeye ndiye anayetupa sisi mali kauli, kwa kutuamini na fedha yake.

Tulijifunza pia kwa kukosea. Wenzetu wawili walikwenda Dar es Salaam kwenye Maonesho ya Sabasaba na kurudi na namba za simu za watu wengi. Tulifurahi, tukaziweka. Ilipopita miezi mitatu ndipo tukaanza kupiga, na waliopokea hawakutukumbuka. Tangu siku hiyo namba yoyote mpya ina mwenyewe: mwanachama mmoja anapewa, anapiga ndani ya wiki, hata kama ni kusalimia tu, na kwenye kikao anaeleza alichojibiwa. Kukutana na mtu ni rahisi, Mheshimiwa. Kumpigia mara ya pili wakati huna cha kumuuzia ndiyo kazi yenyewe.

Na hatutakuficha kwamba tuligombana. Mwanachama mmoja alimzunguka mwenzake, akampigia mteja wake kwa siri na kushusha bei. Kikundi kilikaribia kuvunjika siku ile, kwa hasira zaidi kuliko kwa fedha. Tulikaa mpaka jua linazama. Aliyekosa alieleza kuwa mwanawe alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ada. Tukagundua kuwa alificha shida yake kwa sababu alituona kama wenzake wa biashara tu. Alilipa faini, mfuko wa jamii ukamkopesha ile ada, na tukaandika kanuni: aliyemleta mteja ndiye mwenye neno la kwanza, na asipokuwa na mzigo wa kutosha anagawa kwa wenzake kwa bei ile ile. Kanuni hiyo imetupa nguvu kuliko hisa zote. Mteja akihitaji magunia mengi kuliko aliyonayo mama mmoja, hatumwachi aende kwingine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna jambo zito ambalo wanawake hulisema kwa kunong'ona, na leo tumekubaliana kulisema kwa sauti. Huko visiwani, kwenye baadhi ya kambi za uvuvi, mwanamke anayekwenda kununua dagaa huambiwa kwamba mzigo upo ila bei yake si fedha. Wapo waliokubali kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri chakula. Wapo waliorudi mikono mitupu na kuacha biashara. Wakati watu wazuri wanatuhimiza tujenge mahusiano na wenye mitumbwi, wajue kuwa neno hilo kwa mwanamke wa mwaloni lina mtego ndani yake. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inakataza mwenye mamlaka kudai ngono ili atoe haki au upendeleo. Lakini sheria iliyo kwenye karatasi mjini haijulikani kwenye kambi ya nyasi kisiwani. Sisi tumefanya tuliloweza: hakuna mwanachama anayekwenda kisiwani peke yake, tunanunua kwa pamoja kwa jina la kikundi, na matajiri wanaotuheshimu wako kwenye daftari na tunarudi kwao kila giza. Hao wapo, na tunawashukuru. Wengine wamekaa hapa mbele yako.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, tulifurahi iliporudishwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Mikopo isiyo na riba ni msaada mkubwa, na tutaomba tena.

Hata hivyo, maombi yetu ya leo yanahusu watu zaidi kuliko fedha.

Tunaomba uitishe kikao cha mchana, kila msimu, hapa hapa mwaloni: matajiri wa mitumbwi, wanunuzi wa nje, wenye magari, watu wa benki na sisi. Kiwe saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule. Ukiita wewe watakuja, na tukishakaa meza moja mara mbili au tatu hatutahitaji tena kuitwa.

Tunaomba ututambulishe kwa wakuu wa shule za bweni wa mkoa huu. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo, na tunajua kuna mfumo wa NeST wa kuombea zabuni. Tunaomba afisa mmoja atufundishe kuutumia, kwa uvumilivu, kwa simu zetu hizi. Mwanafunzi anayekula dagaa safi wa chanja anafaidika, na mama aliyewaanika analipia ada ya wa kwake.

Tunaomba pia wanaofundisha sheria ya rushwa ya ngono wapande boti wafike kambini, na wakifika wazungumze na manahodha na matajiri, si na wanawake peke yao. Sisi tuko tayari kuwasindikiza na tunazijua kambi za kuanzia.

Mwisho, Mheshimiwa, utaona kwenye meza ile, karibu na sanduku, daftari liko wazi kwenye ukurasa mtupu. Tunakuomba kabla hujaondoka uandike mwenyewe jina lako na namba unayoipokea. Yule mama wa Ukerewe, aliyeuza dagaa wake kwa bei ya mchangani, sasa ndiye mtunza daftari wetu. Ndiye atakayekupigia ndani ya wiki hii, kukusalimia tu.

Tunaomba kuwasilisha.