Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Vipimo katika Miamba yenye Nyufa

Ndugu wanachama,

Habari za fedha na ada mtazisikia kwa mweka hazina. Mimi nazungumzia kazi. Kamati ya ufundi imepitia taarifa za vipimo vya visima mlizoleta, na kasoro kubwa ni moja: nyingi zinaishia kwenye tarakimu moja ya lita kwa saa, bila jedwali la vipimo vyenyewe. Kwenye mchanga wa mtoni tarakimu hiyo inasaidia kiasi. Kwenye itale (mwamba mgumu wa graniti) ya Dodoma, ambako maji hukaa katika nyufa na katika tabaka lililooza juu yake, haitoshi kabisa.

Maji yanayopita kwenye ufa hufuata mchemraba wa upana wake. Ufa wa milimita 0.2 hupitisha mara nane ya ufa wa milimita 0.1, shinikizo likiwa lile lile. Ndiyo maana ufa mmoja unaweza kubeba karibu maji yote ya kisima cha mita 100, na kina cha ufa huo ndicho kinachoamua usalama wa kisima. Kupuliza kwa kompresa siku ya kuchimba hakuonyeshi hilo, hata maji yaruke juu namna gani.

Kipimo cha pampu kiende saa 24 au zaidi kwa kasi isiyobadilika, kisha tupime maji yanavyorudi. Chukueni mfano huu. Pampu inatoa mita za ujazo 5 kwa saa, yaani 120 kwa siku. Kila muda unapozidishwa kwa 10, tuseme kutoka dakika 10 hadi 100, maji yanashuka mita 2.2. Kwa kanuni ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946, ya kusoma vipimo vya pampu, 0.183 × 120 ÷ 2.2 inatupa uwezo wa kupitisha maji wa karibu mita za mraba 10 kwa siku. Baadaye mstari wa mshuko kwenye grafu unavunjika na mshuko unakuwa mita 6: sasa tunapata 3.7 tu. Maji yameshuka chini ya ufa mkuu, au mtandao wa nyufa umefika ukingoni. Aliyezima pampu baada ya saa nne hakuuona mvunjiko huo, na mteja wake atauona kiangazi.

Makosa mengine ni ya vifaa. Bomba la kupandishia likikosa valvu ya kuzuia maji yasirudi, maji yaliyomo humwagika kisimani pampu inapozimwa, na dakika za kwanza za vipimo vya kurudi zinaharibika. Maji yakimwagwa karibu na kisima hurudi kupitia nyufa zile zile. Kifaa cha kurekodi kina cha maji kikipima shinikizo lote, pamoja na la hewa, lazima barometa iwepo juu: hektopaskali moja ya shinikizo la hewa ni karibu sentimita moja ya maji. Andikeni msimu pia. Rekodi za visima vya Makutupora, karibu na Dodoma, zinazoanzia miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba maji ya chini huongezeka zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa sana, hasa ya El Niño. Kisima kilichopimwa baada ya msimu wa namna hiyo humsifu mchimbaji kupita kiasi.

Wanaopima misingi ya mabwawa hutumia kipimo cha Lugeon: sehemu ya shimo hufungwa kwa vizibo vya mpira vinavyojazwa hewa, kisha maji husukumwa ndani. Lugeon moja ni lita 1 kwa dakika kwa kila mita ya shimo, shinikizo likiwa bar 10. Hatua ni tano, za dakika 10 kila moja: ndogo, ya kati, kubwa, ya kati, ndogo. Msiziruke mbili za mwisho. Thamani ikiwa juu kwenye shinikizo kubwa tu kisha ikarudi ilipokuwa, nyufa zilitanuliwa na pampu yenu. Ikiendelea kupanda hadi mwisho, udongo uliojaza nyufa umesombwa. Ikizidi kushuka, nafasi zinajaa. Kumbukeni kuongeza uzito wa maji yaliyo ndani ya bomba na kutoa msuguano, kwa sababu geji iko juu, si shimoni. Shimo lisiposafishwa kwa maji safi, vumbi la kuchimba huziba nyufa na mwamba unaonekana mzima.

Gesi ni jambo la peke yake. Inabanwa, kwa hiyo mtiririko hufuata tofauti ya miraba ya shinikizo, si tofauti ya shinikizo lenyewe. Kwa shinikizo dogo sampuli ya mwamba huonekana inapitisha zaidi ya ukweli, jambo alilolieleza mtafiti Klinkenberg mwaka 1941. Wanaofuatilia gesi ya heli ya bonde la Rukwa wapime kwa shinikizo tatu au zaidi, wachore matokeo dhidi ya kinyume cha wastani wa shinikizo, na wasome mstari pale kinyume hicho kinapokuwa sifuri.

Kamati inaleta azimio moja mkalipigie kura: kuanzia mwaka ujao, taarifa ya kipimo isiyoambatana na jedwali la muda, kina na kasi ya pampu isipokelewe kwa mapitio. Fomu ya jedwali iko mezani kwa katibu.