Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masega ya Ekzosi na Kilichomo Ndani Yake

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada na ukarabati wa ofisi yamo katika taarifa ya mweka hazina, nami sitayarudia. Taarifa yangu ya mwaka huu inahusu karibu yote jambo moja lililotusumbua kila tulipokutana: masega ya ekzosi, yaani vifaa vya kusafisha moshi wa gari vilivyopakwa madini ya thamani, ambayo katika baadhi ya gereji zetu hung'olewa na kuuzwa, na mahali pake pakachomelewa bomba tupu.

Mtakumbuka kwamba tulipasua sega moja mbele ya wote. Waliolishika waliona kauri yenye vitundu vidogo, kama 400 katika inchi moja ya mraba, na vumbi la kijivu likabaki vidoleni. Madini yenyewe hayakuonekana, na wapo waliosema kwamba tumeuziwa feki. Yasingeweza kuonekana. Platinamu, paladiamu na rodiamu hupakwa humo zikiwa chembe za nanomita chache tu, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kwa kuwa kazi yote hufanyika kwenye uso wa chembe, gramu chache zilizosambazwa hivyo hupata eneo ambalo bonge la uzito uleule haliwezi kulipata. Hapo ndipo monoksidi ya kaboni hugeuka dioksidi ya kaboni, mabaki ya petroli huungua, na oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni, bila madini hayo kutumika na kwisha.

Kutokwisha, hata hivyo, si kutoharibika. Gari linalomisi, yaani ambalo injini yake hukosa kuwasha petroli mara kwa mara, hupeleka petroli mbichi kwenye sega, nayo huwakia humo humo. Joto likizidi mno, chembe husogeleana na kuungana, eneo la kazi likapungua, na kauri yenyewe yaweza kuyeyuka. Injini inayokula oili nayo hulifunika sega kwa fosforasi. Fundi anayeng'oa sega bila kugusa plagi wala koili ameuacha ugonjwa palepale ulipokuwa.

Watengenezaji wamelihangaikia tatizo hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2002 watafiti wa Japani, wakiwemo wa Daihatsu, walieleza paladiamu inayoingia na kutoka ndani ya fuwele kadiri gesi za ekzosi zinavyobadilika, hivyo chembe zake hazikui. Mazda nayo ilizizuia chembe zisisogee, na katika gari lake la Axela la mwaka 2009 ikapunguza madini hayo kwa takriban asilimia 70. Wanaonung'unika kwamba sega la gari jipya halilipi wasimshuku mnunuzi peke yake.

Kamati inapendekeza kwamba gari lolote lililoletwa kwa malalamiko ya sega lipimwe misi kwanza. Sega lisitolewe bila idhini ya maandishi ya mteja. Na likitolewa, akabidhiwe mwenyewe. Pendekezo hili litapigiwa kura leo, mara tu hesabu zitakapokwisha kusomwa.